Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza ajue kucheza



Wapendwa wasomaji, tafakari ya juma hili nimeielekeza ufukweni. Huenda baadhi yenu mkashangaa kumwona paroko akiandika habari za mpira, tena mpira wa mchangani, ambao wengi huuhesabu kuwa burudani ya siku za mapumziko. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho. Jambo ninalotaka kulisema linawahusu vijana wetu, na linahusu fikra moja iliyozoeleka miongoni mwetu tuishio pwani, yaani fikra kwamba kile tulichojaliwa na maumbile ni sawa na kile tulichokifanyia kazi.

Fikra hiyo husikika kila yanapokaribia mashindano ya Afrika ya soka la ufukweni, ambayo ndiyo hutoa wawakilishi wa bara letu katika Kombe la Dunia la mchezo huo. Watu husema: sisi tuna pwani yenye urefu wa takriban kilomita 1,400, kuanzia Tanga hadi Mtwara, watoto wetu hujifunza kutembea mchangani na kucheza chandimu mchangani, basi iweje tusiwe miongoni mwa wanaokwenda? Swali lenyewe ni la haki. Lakini ndani yake mna dhana ambayo haijachunguzwa, nami nakusudia tuichunguze leo kwa utulivu, tukiongozwa na kumbukumbu za mashindano yenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu utaratibu. FIFA iliandaa Kombe lake la kwanza la Dunia la soka la ufukweni mwaka 2005, huko Copacabana mjini Rio de Janeiro. Tangu hapo mataifa ya Afrika yamekuwa yakishindania nafasi mbili tu. Katika miaka ya karibuni, timu nane hufika kwenye fainali za bara, nyingi zikiwa zimevuka kwanza mechi za mchujo za nyumbani na ugenini. Hugawanywa katika makundi mawili ya timu nne, mbili za juu katika kila kundi huingia nusu fainali, na timu mbili zinazofika fainali ndizo zinazokwenda Kombe la Dunia. Kwa hiyo mechi iliyo nzito kuliko zote ni nusu fainali. Anayeshinda hapo amekwisha kufuzu, hata akifungwa siku ya mwisho. Anayeshindwa hubaki kuwania nafasi ya tatu, ambayo haina tiketi.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Kwa methali hiyo tungetarajia kwamba mwenyeji wa mashindano, anayecheza juu ya mchanga wake na mbele ya ndugu zake, atapata mojawapo ya tiketi hizo mbili. Kumbukumbu zinasema vingine. Mwaka 2007, 2008 na 2009 mashindano yalifanyika Durban, lakini tiketi za miaka hiyo zilichukuliwa na Nigeria, Senegal, Kameruni na Côte d'Ivoire. Afrika Kusini, mwenye nyumba, haikupata hata moja. Moroko ilikaribisha wenzake Casablanca mwaka 2011 na El Jadida mwaka 2013, nayo haikufuzu mara zote mbili. Shelisheli iliandaa mwaka 2015, tiketi zikaenda Madagaska na Senegal. Misri iliandaa Sharm El Sheikh mwaka 2018, ikawaona Senegal na Nigeria wakifuzu. Ikaandaa tena Hurghada mwaka 2024, ikawaona Senegal na Mauritania wakifuzu. Msumbiji iliandaa Vilankulo mwaka 2022, na walioondoka na tiketi walikuwa Senegal na Misri.

Tazameni jambo la ajabu lililomo katika orodha hii. Misri, iliyokosa tiketi mara mbili juu ya mchanga wake yenyewe, ilikwenda kuipata Msumbiji. Na Msumbiji, iliyoikosa nyumbani, ilikuwa imeipata mwaka mmoja kabla, mwaka 2021, huko Senegal. Kila mmoja aliokota kwa jirani kile alichokikosa uani kwake. Wapo wenyeji waliofanikiwa, nao ni Nigeria mwaka 2016 na Senegal mwaka 2021. Lakini hao walikuwa wamekwisha kufuzu ugenini mara kadhaa kabla ya hapo, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ni mchanga wa nyumbani uliowabeba.

Tukitoka nje ya Afrika, somo linazidi kuwa wazi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2009 lililochezwa Dubai, timu iliyofika fainali na kufungwa na Brazili ilikuwa Uswisi, nchi ya milima isiyo na hatua moja ya pwani ya bahari. Mwezi Mei mwaka 2025, Kombe la Dunia la mchezo huu lilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza, huko Shelisheli, Brazili ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Belarusi mabao 4 kwa 3. Belarusi nayo haina bahari. Hata katika eneo letu, Uganda ilifika fainali za Afrika mwaka 2021, ingawa fukwe zake ni za ziwa. Nani basi atasimama na kusema kwamba ushindi katika mchezo huu hutokana na kuzaliwa karibu na maji ya chumvi?

Kwa nini mchanga hausaidii kama tunavyodhani? Jibu limo katika mchezo wenyewe. Anayeutazama kwa mbali huona wachezaji watano kila upande, golikipa akiwa miongoni mwao, wakikimbia pekupeku katika uwanja usiozidi mita 37 kwa 28, naye hudhani ni chandimu iliyovalishwa jezi. Akiukaribia huona vingine. Mchanga wa uwanja unatakiwa uwe na kina cha sentimita 40 au zaidi, na juu ya mchanga wa namna hiyo mpira hauviringiki kama juu ya nyasi. Hudunda unapotaka wenyewe na kusimama unapotaka wenyewe. Ndiyo maana timu zilizokomaa hucheza sehemu kubwa ya mchezo hewani. Mchezaji huuinua mpira kwa kidole cha mguu, hupiga danadana, humpa mwenzake bila kuugusisha chini, na mwenzake humalizia kwa kichwa au kwa tikitaka. Ustadi huo haupatikani kwa kukimbia mchangani jioni mbili tatu. Unahitaji miaka.

Ziko pia kanuni zinazomtofautisha aliyezoea na asiyezoea. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 12, na saa husimamishwa mpira unaposimama. Wachezaji wa akiba wanaweza kuingia na kutoka wakati wowote bila idadi kuwekewa kikomo, kwa kuwa hakuna mapafu yanayoweza kustahimili mchanga huo kwa muda mrefu. Mpira wa adhabu hupigwa bila ukuta wa wachezaji, hivyo rafu moja isiyo na maana, hata katikati ya uwanja, yaweza kuwa bao. Wala hakuna sare. Timu zikilingana huongezwa dakika tatu, kisha hufuata penalti. Anayeshinda katika muda wa kawaida hupata pointi tatu, katika muda wa nyongeza pointi mbili, kwa penalti pointi moja, na aliyeshindwa hana kitu. Katika mchezo wa namna hii, kikosi kilichokusanywa kwa haraka hujulikana mapema. Hubadilishana wachezaji kwa kuchelewa, hufanya rafu mahali pabaya, na hupauka pumzi katika kipindi cha tatu.

Hapo ndipo tunapoielewa Senegal. Hadi mwaka 2024 taifa hilo lilikuwa limetwaa ubingwa wa Afrika mara 8: mwaka 2008, 2011, 2013, 2016, 2018, 2021, 2022 na 2024. Wengi hutaja idadi hiyo na kuishia kusema kwamba Wasenegali wana vipaji. Mimi naona jambo jingine. Naona kwamba walifungwa fainali na Nigeria mwaka 2007, wakarudi. Walifungwa fainali na Madagaska mwaka 2015, wakarudi tena mwaka uliofuata wakiwa mabingwa. Naona majina yanayojirudia mashindano hata mashindano, kama lile la golikipa Al Seyni Ndiaye, kwa sababu mchezaji wao hachukuliwi kama mtu wa kuazimwa kwa wiki mbili. Mwaka 2021 huko Moscow na mwaka 2025 huko Shelisheli walimaliza nafasi ya nne duniani. Siri yao, kama ni siri, ni kudumu katika kazi moja bila kuchoka wanaposhindwa.

Lakini mtu aweza kuniambia: Padre, Senegal ni taifa kubwa la soka, usitulinganishe nalo. Basi tuwaache Wasenegali na tiketi yao, tuitazame ile ya pili. Tangu mwaka 2015 hadi 2024 yamefanyika mashindano sita ya kufuzu, na tiketi ya pili imekwenda kwa mataifa matano tofauti: Madagaska, Nigeria mara mbili, Msumbiji, Misri na Mauritania. Matatu kati ya hayo, yaani Madagaska, Msumbiji na Mauritania, hayajapata kufika Kombe la Dunia la soka la kawaida la wanaume. Madagaska ilifika Kombe la Dunia la ufukweni huko Ureno mwaka 2015, miaka minne kabla haijacheza fainali zake za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika kwenye nyasi. Mlango huu wa pili, wapendwa, haujafungwa kwa kufuli. Umefunguliwa na mataifa yanayofanana na sisi kwa kipato, na mojawapo ni jirani tunayepakana naye kwenye mto Ruvuma.

Na sisi? Haitakuwa haki kusema hatukufanya kitu. Tanzania ilifika fainali za Afrika mwaka 2018 kule Sharm El Sheikh, ikapangwa kundi moja na Senegal na Nigeria, ambazo ndizo zilizokuja kukutana katika fainali. Ilifika tena mwaka 2021 huko Senegal. Yamechezwa mashindano ya klabu katika ufukwe wa Coco jijini Dar es Salaam, na wapo walimu waliojitoa, kama Boniface Pawasa, beki wa zamani wa Simba, aliyeifundisha timu ya taifa ya mchezo huo. Hayo ni mavuno ya watu wachache waliolima bila kupigiwa makofi. Kufika miongoni mwa timu nane za bara zima si jambo dogo, nasi tulipaswa kulipokea kama mwanzo wa safari.

Badala yake, mara nyingi tumelipokea kwa namna mbili ambazo zote mbili ni mbaya. Namna ya kwanza ni kutojali: timu husafiri na kurudi, na mitaani hakuna anayejua. Namna ya pili ni dhihaka: timu ikifungwa mabao mengi, watu wasiowahi kuwatazama vijana hao hata mara moja wakifanya mazoezi hugeuka kuwa mahakimu, na kijana aliyevaa bendera ya taifa kifuani hurudi kijiweni kwao akiwa kichekesho. Hili linaniumiza kuliko matokeo yenyewe. Kijana aliyefungwa na Senegal amefungwa na bingwa mara nane. Kijana anayechekwa na jirani zake amefungwa na watu wake mwenyewe, nalo ni pigo ambalo wengine hawainuki tena baada yake.

Najua yapo mapingamizi, nami nayaheshimu. La kwanza ni la fedha. Husemwa kwamba mchanga ni bure, lakini tiketi za ndege za mechi za ugenini si bure, wala kambi si bure. Ni kweli kabisa. Hata hivyo yafaa tupime uzani wa gharama hizo. Kikosi cha soka la ufukweni ni wachezaji 12. Viatu havihitajiki, kwa kuwa kanuni zenyewe zinakataza viatu. Nyasi za kumwagilia hakuna. Uwanja unahitaji milingoti miwili, nyavu, utepe wa kuzungushia na reki ya kusawazisha mchanga. Ninaitazama michezo yote ambayo taifa maskini laweza kuingia nayo kwenye jukwaa la dunia, na sioni mingi inayodai kidogo kama huu. Kinachodaiwa kwa wingi ni muda na uaminifu, na hivyo havinunuliwi dukani.

Pingamizi la pili ni kwamba huu ni mchezo wa watalii na wa likizo, na kijana mwenye kipaji heri aende kwenye soka la nyasi liletalo mkate. Sitamzuia kijana yeyote kutafuta mkate wake. Lakini nauliza: ni vijana wangapi kati ya mia wanaopata mkataba wa ligi kuu? Wale wengine wengi, ambao jioni huwakuta wamekaa juu ya ngalawa zilizopinduliwa wakisubiri usiku uingie, tunawapa nini? Mchezo wenye ratiba, mwalimu na jezi ni shule ya nidhamu hata kwa yule ambaye hatakwenda Dubai kamwe. Hujifunza kufika kwa wakati, kumpisha mwenzake aingie yeye anapochoka, na kuzuia hasira, kwa sababu amekwisha kuona kwamba rafu moja bila ukuta yaweza kuwagharimu wote.

Liko jambo la tatu, nalo si pingamizi bali ni hatari. Uwanja wa mchezo huu ni ufukwe, na ufukwe wetu unapungua. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya kuhifadhi mazingira, lakini kwa kuitii tunahifadhi pia uwanja wa mtoto wa maskini. Kila ukuta unaoteremka hadi majini unampokonya mtoto mahali pa kuchezea, na kila chupa inayovunjwa mchangani siku ya sikukuu humfungia uwanja mchezaji anayecheza pekupeku. Hatuwezi kujisifu kwa kilomita 1,400 za pwani huku tukizifunga kwa kuta na kuzijaza vigae vya chupa.

Kwa hiyo natoa rai, nami naitoa kwa unyenyekevu. Kwa viongozi wa soka wa mikoa ya pwani: ligi ya ufukweni ichezwe kila mwaka kwa ratiba inayojulikana, Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Lindi na Mtwara kama ilivyo Dar es Salaam, ili timu ya taifa iwe tunda la mti uliopandwa na kumwagiliwa. Kwa halmashauri: yatengwe maeneo ya wazi ya ufukwe, yasafishwe, yasiuzwe. Kwa walimu na kamati za vijana za parokia: eneo la mita 37 kwa 28 lililosafishwa na kusawazishwa kila Jumamosi asubuhi si mradi unaohitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Kwa wazazi: mkimwona mwanao akipiga danadana mchangani, muulizeni mazoezi yake ni saa ngapi na mwalimu wake ni nani, kabla ya kumwita mzururaji.

Narudi kwenye methali yetu, kwa maana naona tumeisoma nusu. Katika ngoma zetu, anayetunzwa ni yule anayejua hatua zake, na wanaomtunza ni wale waliomwona akijifunza tangu utotoni, wakamrekebisha, wakamsubiri. Hakuna anayepewa tuzo kwa sababu tu amesimama kwenye uwanja wa kwao. Methali hiyo imeweka wajibu pande mbili: mchezaji ajifunze kucheza, na watu wa kwao wajue kutunza. Durban, El Jadida, Hurghada na Vilankulo zimetufundisha upande wa kwanza. Upande wa pili uko mikononi mwetu, sisi tunaosimama pembeni ya uwanja.

Nawatakia Dominika njema.